Kiti cha Lusajo Nilichokifunga kwa Mpira

Jambo lenyewe naona aibu hata kulisimulia, na kama mke wangu asingekuwa ameshalitangaza kwa nusu ya soko la Kyela ningelifukia tu, lakini kwa kuwa mnalisikia vipandevipande na kila anayesimulia anaongeza damu, bora mlisikie kwangu mwenyewe niliyelifanya.

Mnajua mimi nanunua kakao, Noah yangu ile kuukuu inabeba magunia mpaka juu kwenye keria, na sifa yangu toka Bujonde hadi Ikolo ni kufunga mzigo, mpira wa tyubu ya baiskeli nikiuvuta mimi gunia halichezi mpaka uukate. Sasa binti yangu Tumpe, anayefanya kazi Dodoma, akaja na mwanawe Lusajo, hajafikisha hata miaka miwili, na mpango ulikuwa mtoto abaki na sisi wakati mama yake yuko masomoni. Bibi yake alishashona na chandarua cha kitanda chake kidogo. Tumpe alikuwa bado anasita, akasema kwanza akae siku chache aone tunavyomlea.

Jumapili asubuhi bibi alitangulia kanisani (yeye ni wa kwaya), na Tumpe akanikabidhi kiti cha mtoto cha kwenye gari, kile alichokuja nacho kwenye basi, akasema, "Baba, kifunge kwa mkanda wa katikati, kisicheze," akaenda kumwogesha mtoto. Mimi nikaona mkanda ni mkanda, nikachukua ule wa dirishani unaopita begani. Nauvuta unakuja, naukaza, nikikisukuma kiti nao unalegea unakifuata, nikajaribu tena na tena mpaka jasho likalowesha kola ya shati la kanisani. Hapo ndipo nilipopaswa kumwita nimwambie mwanangu, mkanda huu haushiki, njoo unisaidie. Lakini mimi, mfunga magunia, niulize namna ya kufunga kiti? Nikaenda stoo nikachukua mpira.

Nikakifunga kiti kile fundo juu ya fundo, halafu mkanda wa gari nikaupitisha juu kwa kuonyesha tu. Tumpe akaja akampakia mtoto, akamfunga vile vimkanda vya kwenye kiti chenyewe, akaniuliza kama nimekaza. Nikamwambia, "Hata ng'ombe akivuta hakitoki." Akacheka, akaniamini. Aliporudi ndani kufuata Biblia (na hapa ndipo ninapojichukia zaidi) nikaona niongeze raundi moja ya mpira mapajani mwa mtoto, nikaifunika na kitenge.

Tulikwenda vizuri mpaka tunaingia uwanja wa kanisa, bata na watoto wake wakakatiza, nikakanyaga breki. Jamani, mpira unavutika, hilo nalijua tangu utotoni na siku hiyo halikunijia kabisa. Kiti kilikwenda mbele, Lusajo akagonga mdomo kwenye siti ya mama yake, kikarudi kikalala ubavu, na mtoto ananing'inia humo analia, damu inamtoka mdomoni.

Tumpe akarukia nyuma amtoe, mkono ukatafuta kile kitufe chekundu cha kufungulia, ukakuta mpira umepita juu yake. Akafunua kitenge, akaniangalia. Nikaanza kufungua mafundo yangu, na mnayajua mafundo yangu, yakivutwa ndiyo yanakaza, kwaya nzima na sare zao wameshazunguka gari na mke wangu kati yao, mmoja anasema kata, mwingine anasema mtulizeni mtoto kwanza, mpaka mama mmoja akaja mbio na kisu cha kupasulia kakao kutoka nyumba ya jirani. Nikakata. Mpira ukafyatuka ukanichapa jichoni, nikasikia vijana wa sauti ya nne wanajikohoza kuzuia kicheko. Wala siwalaumu.

Ndaga Kyala, asante Mungu, ulikuwa mdomo tu umepasuka. Lakini wakati wa matangazo mzee wa kanisa akasimama kumshukuru Mungu kwa mtoto aliyenusurika kwenye gari la babu yake, na watu wote wakageuka kuniangalia, mimi na jicho langu limevimba.

Nyumbani Tumpe akaingiza mkono katikati ya siti, akavuta mkanda ambao sikuwahi kuuona tangu ninunue gari, mfupi, wa kiunoni tu, umejaa makapi ya mpunga na vumbi la kakao. Akaupitisha kwenye matundu ya kile kiti, akaweka goti juu yake, akavuta ncha. Kiti kikatulia tuli. Akasema kwa upole, na afadhali angenifokea, "Baba, ungesema tu kwamba umeshindwa." Kesho yake akaondoka na Lusajo, na bibi yake akakunja chandarua.

Mpira sasa nimeyaachia magunia, na nimeapa, mtu akiniuliza kama nimekaza namwambia njoo utikise mwenyewe. Ule mkanda nimeutoa huko chini nikauosha, nimeulaza juu ya siti uonekane, na juzi Tumpe alipopiga simu nilimweleza hivyo. Akasema, "Vizuri, Baba," kisha akaomba kuongea na mama yake.