Hukumu Iliyobandikwa Mlangoni

Kazi yangu mahakamani, hapa Lubumbashi, ilikuwa kupeleka hati kwa walioshtakiwa. Nimefukuzwa na mbwa wa mtaa wa Makomeno, nimetukanwa na wake za watu, lakini kila mshtakiwa nilimpata, kwa kuwa kila mtu ana pahali anapolala. Huyu hakuwa mtu. Ilikuwa kampuni ya mtandao ya ng'ambo, isiyo na ofisi kwetu wala mlinzi wa kugombana naye.

Aliyeshtaki alikuwa mama mmoja, mzaliwa wa Kivu ya Kaskazini, mwenye duka la jumla. Vita vya mashariki vilikuwa vinaangusha mji baada ya mji, na huku watu walitafuta adui wa karibu. Mtu asiyejulikana akarusha picha ya mama huyo mtandaoni: eti malori yake yanalisha waasi. Wateja wakamkimbia. Jaji akaamuru kampuni iifute picha ile.

Kwetu, mshtakiwa asiye na anwani hubandikiwa hukumu kwenye mlango mkuu wa mahakama, na sheria huhesabu kwamba ameipata. Mama alikuja kunitazama nikipaka gundi.

"Papa, bale bantu ba Ulaya batasoma namna gani ku huu mulango?"

"Mama, sheria inasema bameisha kusoma."

Nilijibu bila kumtazama. Uchovu wa kazi hufanya mtu awe kama muhuri.

Kampuni haikujibu. Kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji, na chura tulikuwa sisi. Hilo nililitarajia. Niliwasahau wapita njia. Mjini kwetu, jina likibandikwa kwenye mlango ule ni la mhalifu, na hakuna anayesoma hadi chini. Hukumu nayo hunakili shutuma yote kabla ya kuikataa. Wakapiga picha ukurasa wa kwanza tu, wenye jina lake, malori, waasi na muhuri wetu, wakairusha mtandaoni mle mle. Wiki ile duka lake likavunjwa.

"Mbele balikuwa bananisingizia," aliniambia. "Sasa banasema ni tribinali ndiyo imesema. Papa, utoshe ile karatasi."

Nikamwambia siwezi kuibandua, siku za kisheria za kukaa mlangoni hazijaisha. Niliona aibu, lakini ndivyo nilivyosema.

Kesho yake nilimkuta amesimama mlangoni, kidole chake kwenye ukurasa wa pili, akiwaomba wapita njia wasome. Nikazunguka, nikaingilia mlango wa nyuma.