Jiwe la Dirishani kwa Nesi Agnetha

Nesi Agnetha alikuja kwenye zahanati yetu akiwa msichana mnene mwenye sauti kubwa na kicheko. Siku zake za mwisho kwetu, gauni lake jeupe lilikuwa likimning'inia kama limeanikwa mtini. Wanaosema alitutupa hawakuona kilichompata hapo katikati. Mimi nilikiona, na mimi ndiye mwenye haki ya kumchukia kuliko wote, maana mwanangu Ritha alifia chini ya dirisha lake.

Walianza wakiwa watatu. Tabibu Boaz akahamishiwa mjini, hakuletwa mwingine. Nelly, muuguzi mwenzake, akapata kazi hospitali ya binafsi, akaenda zake. Akabaki Agnetha. Azalishe yeye, achome chanjo yeye, ashone wachimbaji waliopasuliwa na mawe yeye, na maji ya kuoshea damu akayachote mwenyewe kisimani. Nyumba yake ilikuwa nyuma ya zahanati, kwa hiyo hata akifunga mlango bado alikuwa kazini. Aliomba likizo, wakubwa wakamwambia asubiri wa kumpokea. Alisubiri mpaka akaacha kuuliza.

Dirisha lake ni la mbao. Watu walilipiga ngumi hadi bawaba zikalegea, ndipo akaweka jiwe dogo kizingitini, tugonge nalo taratibu. Jilala, mchimbaji mmoja mwenye mdomo, aliliita king'ora.

"Nesi, wewe ni mtu kweli?" alimwuliza siku anashonwa kichwa. "Hata karasha ya kusagia mawe huzimwa ipoe."

"Karasha ina mwenyewe anayeogopa isiharibike. Tulia, nitakushona na sikio."

Tulicheka wote pale kwenye benchi.

Kisha duara moja, shimo la kuchimbia dhahabu, likatitia. Wakamletea vijana wamejaa vumbi mpaka kwenye kope, na mmoja akakata roho amemshika mkono huku wengine wakimwita. Tangu hapo Agnetha akawa anasikia jiwe. Anaamka, anafungua, hakuna mtu. Aliniambia mwenyewe nilipompelekea michembe ya viazi vitamu.

"Mama Ritha, kuna mtu ananigongea. Nikifungua, uwanja mtupu."

"Lala, mwanangu. Ni uchovu."

Akanitazama kama nimemtukana.

Ndipo akaweka sharti: anayegonga aseme. Ataje jina na shida yake, la sivyo yeye hafungui. Wachimbaji walizoea, wakawa wanapiga kelele kama mnadani. Lakini Agnetha ni mtu wa Bukoba. Hakujua kwamba kwetu uchungu wa uzazi hautangazwi. Mwanamke hupelekwa kimya, asije mwenye roho mbaya akasikia akamfunga kwa uchawi asijifungue. Sisi tulidhani anajua. Yeye alidhani tumemwelewa.

Siku ya Ritha ilikuwa mchana, jua la kuchoma. Agnetha alikuwa amekesha na wagonjwa, ndio kwanza amejilaza. Nilimkalisha mwanangu na uchungu wake chini ya dirisha, nikagonga. Wanawake walikuwa wakipita na ndoo kwenda kisimani, na kati yao yupo ninayemshuku mpaka leo. Sikufungua mdomo. Niligonga tena. Ndani nikasikia kitanda kikilia, halafu kimya. Nikagonga, nikagonga. Mtoto alitokea kwenye kanga yangu, na damu ya mama yake haikukata.

Kilio cha mtoto ndicho kilichomtoa Agnetha, mbio, bila viatu. Alifanya yote anayoyajua. Gari la wagonjwa lilikuwa limempeleka mwingine Geita.

"Kwa nini hukusema?" aliniuliza baadaye, mikono yake myekundu mpaka viwikoni.

"Kwa nini hukufungua?"

Msibani alikuja, akakaa mkekani na wanawake. "Shikamoo, mama Ritha." Sikuitikia.

Kijiji kikakaa kikao, wanaume wakataka afukuzwe. Mwenyekiti, mzee Bartholomeo, akanigeukia mimi mwenye msiba.

"Asiondoke," nikasema.

"Umemsamehe, mayu, mama yetu?"

"Sijamsamehe. Mkimfukuza huyu, nani atafungua hilo dirisha? Waliomwacha peke yake wamelala usingizi kwao."

Nilikuwa na kichanga mgongoni, na kichanga hakiishi kwa hasira zangu.

Akabaki. Kila kliniki alimpima mjukuu wangu. Kila mara aliniamkia, na kila mara nilitazama pembeni. Nilitaka abaki, na nilitaka aumie. Nilidhani nitavipata vyote viwili.

Asubuhi moja mtoto aliamka anawaka homa. Nikamkimbiza zahanati, nikachukua jiwe, nikagonga. Safari hii nilisema, tena kwa sauti.

"Ni mama Ritha. Mtoto ana homa. Agnetha, marahaba."

Dirisha likasogea lenyewe. Halikuwa limekomewa. Kitanda kilikuwa kitupu, na gauni jeupe limekunjwa vizuri juu ya godoro. Jirani akaniambia ameondoka na basi la alfajiri, na hakuaga mtu.

Nilimbeba mtoto kwa pikipiki mpaka kituo cha afya cha Nkome, akapona. Kwetu hajaletwa nesi mwingine mpaka leo. Watu wanaendelea kwenda pale, wanagonga, wanataja majina yao kwenye nyumba tupu, kisha wanarudi.

Na mimi sasa mchana, nikijinyoosha na mjukuu, nasikia jiwe kwenye dirisha langu. Mwanzoni nilikuwa natoka kutazama. Sasa sitoki. Namziba mtoto masikio, nangoja anayegonga aseme.