Ulikuwa Unalilia Watu

Ipo siku moja ninayoikumbuka kuliko nyingine zote, mwanangu Sidi, na ni ya juzi tu, likizo ya Agosti. Usicheke nikikuita mwanangu. Nina miaka kumi na sita, niko kidato cha tatu, lakini mimi ni dada ya baba yako, na kwetu shangazi ana haki hiyo hata akiwa bado anavaa sare ya shule. Haya siwezi kuyasema kwa mdomo. Mdomo hunikauka mbele za watu. Nayaandika ili uyakute ukishajua kusoma, huko kwenye mfumo wenu mpya wa nane-nne-nne.

Nianze na picha. Chumbani kwetu hapa Malindi, juu ya kitanda, imetundikwa picha ya mtoto mnene aliyekaa ndani ya beseni la plastiki, mikono imejikunjakunja kama imefungwa uzi. Huyo ni mimi. Zamani wauzaji wa maziwa ya unga walikuja mtaani kufanya mashindano ya watoto wachanga, na mzito kuliko wote akapewa beseni. Mama akashinda. Mpaka leo mgeni akiingia, hata maji hajapewa, huonyeshwa picha. "Huyu ndiye Kadzo wetu," mama husema. Mgeni huitazama picha, kisha hunitazama mimi, kisha hutazama sakafu.

Beseni lilipasuka zamani. Ule uzito nikabaki nao.

Shuleni naitwa Pipa. Dawati ni la watu wawili, mimi hukaa peke yangu. Wakichagua timu ya netiboli napewa kazi ya kushika saa. Niliwahi kukaa siku mbili bila kula nikaanguka paredi, na waliponiinua mmoja akauliza iwapo waite lori. Walicheka wote, nami nikacheka nao ili yaishe. Miaka yote hiyo niliamini kwamba kosa ni langu, kwamba nilizaliwa mlafi.

Sasa sikiliza nilivyolelewa. Mama alikuwa dobi hotelini, na bado ni dobi. Babu yako alikwisha kutuacha. Nyumba yetu ni hii hii: vyumba kumi vimetazamana, ua wa saruji katikati, na mwenye nyumba hakutaka watoto wakikimbia uani. Nje ni barabara ya magari ya watalii. Baba yako alikuwa shule. Basi mama alinifungia chumbani, jirani akiachiwa ufunguo, nami nikiachiwa chupa. Nilikuwa na kitanda, dirisha la nondo na chupa. Nilipoanza kutembea, nilitembea kutoka kitandani mpaka dirishani. Nikilia, jirani alifungua, akaijaza chupa, akafunga. Jioni mama alirudi miguu imevimba, na kwenye kanga amefunga keki zilizoachwa na wageni. Nilizila nikiwa mapajani mwake. Ndiyo saa pekee niliyokuwa na mtu.

Nimeeleza hayo ili uelewe nilichokufanyia wewe.

Mama yako alikuwa amekwisha kurudi kazini baada ya likizo yake ya uzazi, na shule zilipofungwa uliachwa nami. Nilifurahi. Nikasema moyoni, sasa nina sababu ya kushinda ndani mlango umefungwa, hakuna wa kuniona, na nitaandika daftari langu. Ukilia nilikoroga maziwa mazito ya mkebe kwa maji ya moto, nikaongeza kijiko cha sukari kama mama alivyonionyesha. Ulinyonya, ukalala. Ukiamka ukalia, nikakoroga tena. Ukawa unang'aa kama maandazi. Mama akaanza kukupima kwa macho, maana alisikia mashindano yatarudi Desemba. "Huyu atamshinda hata shangazi yake," alisema, akacheka. Mimi sikucheka, lakini niliendelea kukoroga.

Siku hiyo ilikuwa Jumanne. Hawe, ndivyo tumwitavyo bibi kwetu, alifika kutoka kijijini kwake Adu na kifurushi cha mihogo. Nilimwamkia shikamoo, akaketi kitandani, akanitazama nikitikisa chupa huku wewe unapiga kelele.

"Analilia nini?"

"Njaa, Hawe."

"Amenyonya saa ngapi?"

Chupa ya kwanza ilikuwa mezani, povu halijakauka.

Hawe alikuchukua, akafungua mlango, akavuka ua mpaka nyuma, kwenye mchanga, ambako akina mama wa jirani hukaa wakishona makuti ya kuezekea mahoteli. Akakulaza kwenye mkeka katikati yao. Kilio kilikatika kabla hajakuachia. Ulishika ukuti, ukautia mdomoni, kisha ukajipindua ukalala kifudifudi. Ulikuwa na miezi saba, mwanangu, na mimi sikuwahi kukuona ukijipindua, kwa sababu kitandani nilikuzungushia mito usianguke.

Mimi nilibaki mlangoni, nusu ndani. Hawe alirudi, akasema polepole:

"Alikuwa analilia watu, Kadzo. Nawe unampa maziwa."

Niliketi chini ya ile picha nikalia. Nikamwambia, "Hata mimi, Hawe. Hata mimi nilikuwa nikililia watu."

Alisema anajua. Alisema alikuja nikiwa na miaka miwili akanikuta nimeng'ang'ania nondo za dirisha, akaomba anichukue Adu nikakue na wenzangu wanaomfuata shambani. Mama alikataa. Alimwambia, "Ukimchukua huyu, jioni nitarudi kwa nani?" Sikuwahi kufikiri kwamba mama naye alikuwa peke yake.

Kisha Hawe akasema, "Basi mfuate Sidi."

Mwanangu, ule ua si mpana. Lakini nilikuwa nikizunguka na njia ya choo ili nisiwapitie wale akina mama. Nilivuka nikitazama miguu yangu. Mama Riziki, ambaye hana breki mdomoni, alinitazama juu mpaka chini. "Kumbe humo ndani mna mtu," akasema. "Mimi nilidhani ni redio. Kaa hapo ushike kuti, hiyo mikono umepewa bure?" Nikakaa. Hakuna aliyeniita Pipa. Nawe nikakupakata.

Kesho yake nilikupeleka kliniki. Nilimuuliza nesi swali langu la kwanza maishani kwa mtu mzima asiye wetu: je, mtoto huzaliwa mlafi? Alinitazama, nafikiri alijua namuuliza habari za nani. Akasema haijulikani yote, na miili haifanani. Lakini mtoto hachagui chupa, wala hafungi mlango. Ulimi wake huzoezwa utamu kabla hajaota jino, na miguu yake huzoezwa kukaa kabla haijajua kukimbia. Wakubwa ndio humpangia, kisha akikua wanamcheka. Akasema tuiache chupa, mama yako akukamulie maziwa kabla ya kwenda kazini, nami nikulishe kwa kikombe, pamoja na uji usio na sukari. Ukilia, kwanza nikutoe nje.

Jioni nilimwambia mama, "Sidi haendi mashindanoni." Mama aliitazama picha, akauliza kama alinikosea. Nikamwambia, "Hukunikosea kwa kutonipenda, mama. Ulikuwa huna mtu." Picha hakuiondoa. Lakini asubuhi alipokwenda kazini aliuacha mlango wazi, akauzuia kwa jiwe.

Basi haya ndiyo ninayokuachia. Ukiwa na mtoto, au ukiachiwa wa mwenzio, usimnyamazishe kwa tamu kabla hujajua analilia nini. Mtoe. Mpe mchanga, mpe jua la asubuhi, mpe watu wa kuwatazama. Ukimwona mtoto mnene usimcheke, wala usimhesabie matonge. Uliza kwanza alikulia chumba gani. Na ukiwa mama peke yako, usione haya kuwaita majirani. Hata mimi nimeanza, na mimi ndiye mwenye haya kuliko wote.

Mwili wangu bado ni ule ule, sikufichi. Shule zimefunguliwa na dawati bado nakaa peke yangu. Lakini nikirudi saa kumi nakukuta kule nyuma na Mama Riziki, umejaa mchanga mpaka kwenye nywele, unatambaa kunijia.

Mungu akujalie miguu isiyochoka upesi, mwanangu, na mlango usiofungwa kwa nje. Akujalie watu. Na kila utakapolia, awepo wa kuuliza kwanza.