Ile Nyumba ya Kijiko

Nyumba ya kumi na mbili ilikuwa juu ya kilima, na Giza alifika mlangoni akiwa amekwisha kuichoka. Mkewe alikuja nyuma, mkono mmoja umeshika goti. Dalali, kijana wa viatu vya kung'aa na mdomo usiopumzika, alikuwa ameshafungua kufuli na kusimama kando kama mwenye karamu.

"Karibuni, wazazi wangu. Hii ndiyo yenyewe."

"Hata ile ya jana ulisema ndiyo yenyewe," mke wa Giza alisema. "Zenyewe zako ni nyingi."

Giza si jina alilopewa na mama yake. Kwa miaka thelathini na mitatu aliendesha mashine ya sinema, amejifungia kwenye kichumba cha juu chenye joto la kuivisha mkate, na kila mkanda ulipokatika ukumbi mzima ulipiga kelele: giza, giza, giza. Mwishowe hata wauza tiketi wakamwita hivyo, na yeye akaitika. Filamu alizozionyesha hazina idadi, lakini kwenye kiti hakuwahi kukaa. Alizichungulia kupitia kidirisha cha ukubwa wa sahani, mashine ikinguruma ubavuni. Mkewe alikaa safu ya mwisho, chini ya kidirisha hicho, mtoto mmoja mapajani na mwingine amelala begani, na picha ikiisha aligeuka akapunga mkono juu bila kujua kama anaonekana. Alikuwa anaonekana.

Sasa ukumbi umefungwa, watoto wameoa na kuolewa, na nyumba waliyopanga tangu kitinda mimba wao hajaota meno inatakiwa na mwenye nyumba. Mwanawe anaoa. Wamepewa mpaka mwisho wa mwezi. Kiinua mgongo cha Giza kilitosha nyumba moja, na wakikosea hakuna ya pili. Ndiyo maana walikuwa wakizichunguza nyumba kama mtu anayechambua mchele.

Kila mmoja alikuwa na lake la kuangalia. Mke aliangalia maji, jiko na idadi ya ngazi. Giza aliangalia kuta. Maisha yao yote walikuwa wamepanga vyumba vya ukuta mmoja na majirani. Walijua nani kakohoa, nani kagombana na nani, na mtoto wa nani hajaoga. Uzeeni alitaka kimya chake mwenyewe. Basi walikuwa na mtihani wao. Mke, ambaye ujanani aliimba kwenye bendi ya harusi, alikwenda jikoni akaimba. Giza alijifungia chumba cha mwisho. Akisikia maneno, nyumba haifai. Akisikia sauti tu bila maneno, inazungumzika. Asiposikia kitu, hiyo ndiyo.

Wimbo ulikuwa uleule siku zote, aliutunga mke mwenyewe: njoo unifungulie, mvua imenikuta nje.

Nyumba walizipa majina ili wasizichanganye. Ya kwanza ilikuwa ile ya mbwa. Ya pili ile ya ngazi. Ya tatu ile ya kijiko, kwa sababu dalali alikoroga chai jikoni na Giza, chumbani, akahesabu mizunguko ya kijiko. Siku hiyo alitoka akicheka. "Humu mwizi akiwaza tu kuja, nitamsikia." Wakaiacha.

Kwenye hii ya kilimani Giza alijifungia chumbani akangoja. Akaenda dirishani. Ng'ambo ya ua, jirani mmoja mwanamke alikuwa ameacha kuanika nguo, anacheka na kupiga makofi. Giza akampungia mkono. Majirani wachangamfu, alijisemea. Akangoja tena, kisha akafungua mlango, na mkewe alikuwa amesimama palepale.

"Sijasikia hata neno," Giza alisema. Miguu ilimuuma lakini uso ulikuwa umefunguka. "Mama, tumepata."

Mkewe akamtazama, kisha akatazama sakafu. Dalali alikuwa mlangoni amefinya midomo kama mtu anayezuia kupiga chafya.

"Si nilikuambia, mzee? Tofali hizi ni za zamani. Kesho tuandikishane."

"Kesho tutakuambia," mke alisema.

Walirudi kwa miguu, kwa kuwa kushuka ni nafuu. Katikati ya kilima palikuwa na ukuta mfupi. Mke akaketi bila kuuliza, Giza akaketi pia, upande wa kushoto wa mkewe kama kawaida.

"Njoo upande huu," mke alisema.

"Kuna nini upande huo?"

"Njoo tu."

Akahamia. Mke akavua kiatu, akakikung'uta kokoto isiyokuwamo.

"Niliimba, mzee wangu. Mara tatu. Mara ya tatu nilikuwa nje ya mlango wako, na mlango wenyewe ubao mwembamba kama biskuti. Yule mama wa nguo aliniomba nirudie ubeti."

Giza akacheka kidogo, akingoja na mkewe acheke. Hakucheka.

"Nilidhani ananisalimia mimi."

"Najua."

"Na ile ya jana? Nayo sikusikia kitu."

"Ya jana, ya juzi, na ile ya rangi ya kijani. Nilisema sipendi harufu, nikasema jiko dogo. Nilikuwa natafuta visingizio mpaka vimeniishia. Leo sikuwa na kisingizio. Nyumba ile ina jiko zuri."

Watu walipita, mmoja amebeba godoro kichwani. Giza alimfuata kwa macho mpaka alipopinda kona. Akakumbuka binti yao mkubwa alivyoingia Jumapili, akaenda moja kwa moja kuipunguza redio: baba, habari zako tumezisikia tangu kituoni. Walicheka wote. Yeye alidhani ni mzaha wa mtoto aliyezoea kumtania baba yake. Akaikumbuka mashine, ilivyonguruma ubavuni mwake, sikio la kulia, miaka thelathini na mitatu. Ilikuwa inalila sikio hilo taratibu, na yeye anaitia mafuta.

"Ungeniambia," alisema.

"Ningekuambiaje? Jioni nakuita mara nne uje ule, unakuja ya tano unafurahi kama nimekuita mara moja. Nikaona acha."

"Umechoka."

"Nimechoka, ndiyo. Goti limechoka, koo limechoka. Nimeimbia nyumba kumi na mbili za watu, na kwenye bendi angalau walitupatia soda."

Hapo Giza alicheka kweli, lakini kicheko kiliisha upesi. Alikuwa ametafuta nyumba ya kimya kwa nguvu zake zote, na kimya chenyewe alikuwa anatembea nacho. Nyumba yoyote ingempa. Alijiona kwenye ile ya kilimani, ameketi chumbani na amani yake ya tofali za zamani, na mwenzake jikoni ameanguka au anaita, naye hana habari, anapungia majirani mkono.

"Ile ya kijiko imeuzwa?" akauliza.

Haikuuzwa. Dalali alipopigiwa simu alinyamaza kwa mara ya kwanza tangu wamjue. "Mzee, ile? Ile kila mteja anaikimbia. Kuta kama pazia."

"Ndiyo hiyo. Lete funguo."

Kesho yake walifika mapema. Vyumba vitatu vinavyoingiliana, paa zima, kibaraza cha saruji kisicho na ngazi hata moja. Giza aliingia chumba cha mwisho akafunga mlango. Hakukuwa na kiti, akaketi sakafuni, sikio la kushoto akaliegemeza ukutani.

Kimya. Akangoja. Akaanza kuogopa kwamba hata hapa amechelewa. Kisha akasikia tiki, tiki, tiki. Mkewe alikuwa amebeba kikombe na kijiko kutoka nyumbani bila kumwambia. Na baada ya kijiko ikaja sauti, mbali, nyembamba kuliko alivyoikumbuka, yenye uchovu wa kilima kizima ndani yake. Ikaisha.

"Umesikia?" Hilo alilisikia, kwa kuwa mkewe alilisema kwa kelele.

"Rudia."

Akaimba tena. Giza akafumba macho, kazi aliyoizoea ni ya macho, na hii ilikuwa ngeni.

Mlango ukafunguliwa. Mkewe alisimama hapo na kikombe mkononi. "Haya, maneno umeyapata?"

"Nusu."

"Nusu ipi?"

"Ile ya mvua."

Mkewe akafikiri kidogo, akashuka polepole kuketi karibu naye, upande wa kushoto, goti likimlalamikia.

"Inatosha," alisema. "Mwite huyo dalali aje na karatasi zake. Mimi siinuki."