Kiti Changu Katika Glaida

Harufu ya nyasi zenye umande ikichanganyika na mafuta ya ndege hunichefua hadi leo. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, kadeti katika kikosi kimoja cha vijana wanaofunzwa kijeshi hapa Toronto, na majira yale tuliahidiwa kurushwa kwa glaida, ndege isiyo na injini inayovutwa na nyingine hadi juu, kisha huachiwa ielee. Mama, mzaliwa wa Tanga aliyefanya usafi hospitalini, alinipigia pasi sare mpaka mikunjo ya suruali ikasimama kama wembe. Ghorofa yetu nzima pale Thorncliffe Park ilijua kwamba binti yake anakwenda kuruka.

Uwanjani nilikuwa wa nne kwenye orodha. Zamu yangu ilipofika, kapteni wetu alinisogeza kando nimpishe mtoto wa mfadhili wa kikosi, ambaye alikwisha kuruka asubuhi ile ile. Mkono mtupu haulambwi. Nilikaa kwenye benchi hadi upepo ukageuka na glaida zikafungwa. Ndipo akaniletea karatasi. "Weka saini kwamba umeruka," alisema akitabasamu, pumzi yake ikinuka kahawa iliyochacha. "Wakubwa wanataka kila kadeti awe ameruka. Mwakani utakuwa wa kwanza."

"Lakini sijaruka, afande."

"Unataka kuwaharibia wenzako?"

Nikasaini. Mwaka uliofuata, yeye alikuwa amehamia kikosi kingine, na kwa kuwa karatasi zilisema nimekwisha kuruka, sikuwekwa tena kwenye orodha.

Jioni ya siku ile niliyosaini, nilimkuta Mama amepika pilau na kuwaita majirani. "Haya, mwanangu, tueleze. Huko juu kukoje?" Nikawaambia nimeliona ziwa, na magari madogo kama sisimizi. Wakapiga vigelegele. Nilikula matonge mawili, nikaenda msalani nikatapika.

Siku hizi mpwa wangu ni kadeti. Orodha ya kuruka hutumwa kwenye simu za wazazi wote, na majuzi upepo ulipoharibika, kiongozi wao, msichana mdogo tu, alitangaza mbele yetu ni akina nani hawakuruka. Wiki iliyofuata wakatangulia wao. Nilifurahi, na papo hapo nikaona kinyaa upya: kumbe lilikuwa jambo jepesi kiasi hicho! Nilimweleza Mama ukweli wote usiku huo. "Mbona hukuniambia? Ningemfuata huyo kapteni mimi mwenyewe." Angemfuata kweli, na Kiingereza chake cha kuombea maji, na asingeondoka pale mpaka karatasi ichanwe. Mimi nilikijua Kiingereza chote, nikakitumia kuandika jina langu.