Safari ya Koga Kumtafuta Mnyama wa Saidi

Tarehe tisa Julai, mwaka 1974, tulimzika mdogo wangu Saidi hapa Ng'ambo, Tabora. Homa ilimpanda, akalazwa, hakurudi. Alikuwa dereva wa Bwana Hirji mwenye duka, na kazi yake ilikuwa kupeleka bidhaa Sikonge na Ipole, kisha kurudi na asali na nta. Mimi ni seremala, nilisoma hadi darasa la nne. Naandika kwa sababu ndugu zetu wa Igalula wameuliza niliendea nini porini na msiba haujapoa.

Niliendea mnyama. Saidi alikuwa akitusimulia kwamba mbele ya Ipole, kwenye majimaji ya mto Koga, kuna swala aitwaye nzohe ambaye akishtuka hakimbii. Huingia majini, akazama mwili mzima, akabakiza pua. Hakuna aliyemwamini. Siku ya matanga mtani wetu Chipanda, Mgogo anayefanya kazi reli, alifanya kama watani wafanyavyo msibani: alivaa kofia ya marehemu, akakaa kama yeye, akasema kwa sauti yake. Mwisho akachutama ndani ya karai la maji ya kuoshea vyombo, akainua pua juu. Watu walicheka hadi wakashika mbavu, na mama akacheka. Wageni walipotawanyika, mama aliniita.

"Aliporudi safari yake ya mwisho nilimwambia nimechoka na uongo wake," alisema. "Aliinuka, akaenda kulala. Nataka kujua kama mwanangu alikuwa mwongo."

Nikamwambia nitakwenda kutazama.

Arobaini ilipopita nilikwenda kwa Bwana Hirji kuazima Landrova. Hakuniuliza mengi. Alinipa ufunguo, akanionya kwamba gia ya tatu huchomoka, niishikilie. Saidi alikuwa akiizuia kwa goti. Leseni ninayo, Saidi ndiye aliyenifundisha, lakini nilikuwa sijawahi kuendesha mbali na mji.

Alfajiri, nilipofungua mlango wa gari, Chipanda alikuwa ameshakaa ndani na kikapu cha karanga mapajani. Sikuwa nimemwalika. Alisema sisi Wanyamwezi kazi yetu ni kubeba meno ya ndovu kichwani mpaka pwani, gari tutalijulia wapi. Nilimjibu kwamba na Wagogo kazi yao ni kukaa njiani kuwatoza wapita njia hongo, kwa hiyo ashuke. Hakushuka.

Barabara ya Sikonge ilikuwa ya vumbi jekundu na makorongo. Kweli goti ndilo lililofaa kwa ile gia, mkono ulichoka mapema. Tulipita mabani ya kukaushia tumbaku, msimu umekwisha hayana moshi, kisha kijiji kipya cha ujamaa, nyumba zimepangwa mstari mmoja, nyingine hazijaezekwa. Nje ya nyumba moja kikongwe alikuwa amekaa juu ya kitanda chake, akingoja paa. Nilisimama kumwamkia. Aliniambia kule walikotolewa alijua kila mti, hapa anajifunza upya kama mtoto.

Kwenye geti la kukagua mbung'o mlinzi alizunguka gari na wavu wake, akakagua chini ya viti, akauliza tunakwenda wapi. Nikamwambia tunakwenda kutazama wanyama. Akataka kuona bunduki. Hatuna. Mitego? Hatuna.

"Kutazama tu?" akauliza, akatuangalia mmoja mmoja. "Haya. Nendeni mkatazame."

Chipanda akamwambia kwa upole kwamba mimi ni mgonjwa na yeye ndiye nesi wangu.

Ipole tulifika jua limeshakuwa kali. Saidi alikuwa akishukia kwa Mama Nyamizi, ambaye yeye na mumewe wana mizinga ya nyuki msituni. Aliliona gari, akaja akicheka, mikono ina unga, akiita, "Saidi, leo umechelewa." Ikabidi nimwambie. Alikaa chini palepale. Baadaye aliinuka akatuletea matoborwa, vile viazi vitamu vya kukaushwa, na karanga, maana mgeni ni mgeni. Nilimwuliza juu ya nzohe. Yeye hajamwona, alisema, wanawake hawafiki huko, lakini mumewe humtaja. Alinionya niliache gari mbali na maji. Saidi alikuwa akiliacha kwenye kichuguu kikubwa, kisha anatembea.

Kutoka hapo hatukukutana na gari jingine. Mimi nimezaliwa Tabora, nimeranda mininga tangu ujana, lakini sikuwahi kuuona mninga ukiwa umesimama na ngiri wamelala chini yake. Walitoka mbio mikia imesimama. Twiga watatu walituangalia kwa juu, wakitafuna upande upande bila haraka, na mmoja alikataa kutoka barabarani mpaka nilipozima injini. Kisha palahala, dume jeusi lenye pembe zilizopinda nyuma hadi mgongoni. Nilishuka bila kufikiri ili nimwone vizuri. Chipanda akaniambia nirudi ndani, hataki kwenda kufanya utani kwenye msiba mwingine wa nyumba ileile. Mbung'o walituuma mpaka shingoni. Hata hivyo nilikuwa nikisimamisha gari kila mara. Nilianza kuelewa kwa nini Saidi alikuwa akirudi nyumbani amejaa maneno.

Koga tulifika alasiri. Gari tuliliacha kwenye kichuguu tulichoelekezwa, tukatembea mpaka kichuguu kingine kidogo, karibu na mafunjo. Chipanda alipanda juu, mimi nikakaa chini nikitazama maji kupitia upenyo wa mafunjo. Tatizo ni kwamba Chipanda hanyamazi. Alihubiri juu ya mbuzi wa Saidi, ndivyo alivyomwita nzohe, kama anavaa shuka akioga, kama anasali Ijumaa. Na mtani hakasirikiwi. Ukimkasirikia umevunja kitu ambacho babu zenu waliwaachia. Nilikaa nikiuma meno, nikifikiri nimekuja mbali kiasi hiki, na mnyama atafukuzwa na maneno.

Jua lilikuwa limeinama Chipanda alipokatiza sentensi katikati.

Nilimtazama. Kinywa kilikuwa wazi. Mkono wake ulishuka polepole, kiganja chini, kama mtu anayenyamazisha mtoto. Nikapanda kichuguu kwa magoti. Nilipofika juu niliona mafunjo yakitikisika na duara majini likipanuka, basi.

Tulishuka hadi ukingoni. Kwenye tope kulikuwa na alama za kwato ndefu, nyembamba, zimetanuka kama vidole viwili. Sijui ni za nani. Tulingoja mpaka giza likaanza kuingia, hakutokea tena. Tulilala Ipole. Asubuhi, njia nzima mpaka Tabora, Chipanda hakunitania hata mara moja, na nilipopotea njia ya Sikonge alinionyesha kwa kidole tu.

Nyumbani, mama alikuwa amekaa ukumbini akichambua mchele. Aliuliza kabla hatujaketi.

"Mimi sikumwona, mama," nilisema. "Nimeona maji yakicheza na alama za kwato."

Aliinamia ungo wake. Chipanda akasema yeye amemwona. Mama akacheka kidogo, akamwambia aende zake na karai lake. Ndipo nilipoona shida yetu. Aliyeona ni mtani, na maneno ya mtani nani atayashika?

Chipanda alivua kofia. Tangu nimfahamu alikuwa akimwita mama yangu mke wake, naye mama akimwita mume asiye na kazi. Alichutama mbele yake.

"Shikamoo, mama," alisema.

Mama aliweka ungo chini. 

"Marahaba, mwanangu."

"Alisimama majini mpaka magotini, rangi ya udongo, manyoya marefu. Alinisikia. Hakukimbia, mama. Alizama taratibu mpaka ikabaki pua na pembe kidogo. Kisha na pua ikaondoka. Saidi alisema kweli."

Mama hakulia. Alimwuliza pua ilikuwa rangi gani. Nyeusi, alisema Chipanda, na unyevu. Akamwuliza masikio. Akamwuliza alisimama upande gani wa maji, na kama alikuwa peke yake. Halafu akanisogezea mkeka nikae nami, akamwambia Chipanda aanze tena, tangu alipopanda kichuguu.