Mshumaa Niliouwasha Kwenye Shamba la Shampeni

Admin, naomba unifichie jina, na la kanisa letu pia, maana humu ndani wapo wanaonifahamu. Wengine watanitambua kwa kusoma tu. Basi watambue, nimechoka.

Mimi ni mama wa miaka thelathini na nane, mzaliwa wa Bukavu, nasuka nywele hapa Johannesburg mjini. Nina mume na binti mmoja wa miaka saba. Au niseme nilikuwa nao, sijui.

Nina mteja wangu wa siku nyingi, bibi wa Soweto, mwalimu mstaafu. Marehemu mume wake alimwahidi kumpeleka Ufaransa akaone kule shampeni inakotengenezwa, akafa hajampeleka. Mwaka huu bibi akaniambia, "Mwanangu, nakwenda mwenyewe, ila Kifaransa sijui hata salamu. Wewe umekisoma kwenu, twende ukawe mdomo wangu." Akalipa kila kitu. Mume wangu ndiye aliyenisindikiza uwanja wa ndege, anacheka, ananiambia nisije nikarudi mlevi.

Jamani, kule kuzuri. Majira yao ya kuchipua, vilima vyote vimepandwa mizabibu mistari mistari kama kichwa nilichosuka mwenyewe. Tulishuka kwenye mahandaki ambako chupa zimelala gizani miaka na miaka, bibi kanishika mkono asiteleze. Mimi nimeokoka, nilikuwa naonja kidogo tu ili niweze kumtafsiria, mapovu yananipanda puani, bibi anacheka mpaka machozi. Sikumbuki lini mara ya mwisho nilifurahi vile.

Siku moja mwenye nyumba tuliyofikia akatugongea alfajiri. Akasema baridi imeshuka, machipukizi yakiganda hakuna zabibu mwaka huu, wanakwenda kuwasha moto shambani, tukitaka twende tukaone. Tukakuta kilima kizima kimewekwa mishumaa, makopo makubwa ya nta yamepangwa katikati ya mizabibu, watu wanapita wanawasha moja moja ili hewa ipate joto. Yule baba mwenye nyumba machipukizi alikuwa anayaita "watoto." Akanipa moto na mimi niwashe.

Sasa wifi yangu Noella, mdogo wa mume wangu, alikuwa mjamzito baada ya kuhangaika sana. Nilipoinama kuwasha, nikaona kile kichipukizi kidogo, laini, nikamkumbuka. Nikaomba hapo hapo kwa jina la Yesu, nikasema Mungu mlinde Noella na mtoto wake. Ni hayo tu. Nikapiga picha nikaweka status, nikaandika: "Huku wanawasha mishumaa ili watoto wasife."

Siku hiyo hiyo mimba ya Noella ikatoka.

Kabla sijatua Johannesburg, picha yangu ilikuwa imeshasambaa kwenye grupu la akina mama wa kanisa. Jumapili mchungaji akanisimamisha mbele, akaniuliza kule gizani na mishumaa tuliabudu nini. Nikamwonyesha kwenye simu video ya wakulima wa kule wanaeleza mambo ya baridi na moto. Akaitazama, akasema, "Hata shetani anajua kujieleza kwa Kifaransa." Watu wakaitikia amina. Kuanzia hapo wateja wangu wa kanisani wakapotea mmoja mmoja.

Mume wangu alinitetea, nisimsingizie. Aligombana na ndugu zake kwa ajili yangu. Nikaona mtu anayenipigania hivi anastahili kujua kila kitu. Tukiwa mezani nikamwambia kwamba kule shambani nilimwombea Noella, nikidhani atafarijika. Akaweka kijiko chini.

"Kumbe ulisema jina yake kule?"

Nikamwambia niliomba, baba, niliomba kwa Yesu.

"Nimekuuliza, jina yake ulisema?"

Nikasema ndiyo. Kesho yake akakusanya nguo zake na za mtoto, wakahamia kwa Noella.

Nilimfuata Noella mpaka kwake. Hakunifungulia, tuliongea kupitia nondo za mlango. Hakunitukana, na afadhali angenitukana. Alilia tu, akasema, "Ungeniacha, dada. Ungeomba ya kwako." Bibi wa Soweto alijitolea kwenda kueleza, mume wangu akamjibu kwamba bibi mwenyewe ndiye aliyenipeleka kule. Sasa anasema atarudi kwa sharti moja, nisimame kanisani nikiri kwamba nilimtoa kafara mtoto wa Noella, niombewe, yaishe.

Binti yangu analetwa kwangu Jumamosi. Jumamosi iliyopita umeme ukakatika, kama mnavyojua hapa kwetu. Nikapapasa jikoni nikapata mshumaa, nikawasha kiberiti. Mtoto akarudi nyuma mpaka ukutani. Huyu mtoto ukimsemesha Kiswahili anakujibu Kiingereza au Kizulu, mpaka umbembeleze. Siku hiyo alisema Kiswahili mwenyewe, ili nimwelewe vizuri.

"Mama, usiseme jina yangu."

Nikazima kiberiti. Tukakaa gizani, yeye pembeni kule, mimi huku. Nilitaka kumwita aje nimkumbatie nikashindwa, maana ili nimwite lazima nitaje jina. Baba yake alipokuja kumchukua, mtoto alitoka mbio bila kuniaga.

Ndugu zangu, hasa mlio wazazi, nishaurini. Nikikiri, mume atarudi na mtoto atarudi, lakini atakuwa amesikia kwa mdomo wangu mwenyewe kwamba mama yake ni mchawi, na hilo hatalisahau. Nisipokiri, ndiyo hivyo, nimewakosa. Na kuna saa na mimi najiuliza kwa nini iwe siku ile ile, halafu najichukia kwa kujiuliza. Nifanye nini? Jumamosi analetwa tena, na mpaka leo sijui nitamwitaje.